Beringi ya mtambo ikipata moto, usikimbilie bomba la grisi

Fundi kijana wa kiwanda cha mkonge huku Tanga alinipigia simu: "Shikamoo fundi, beringi ya korona inaunguza. Nimeishindilia grisi na moto ndio unazidi." Korona ni mashine inayokwangua majani ya mkonge ili kutoa nyuzi. Nikamwambia marahaba, weka bomba chini kwanza. Hizi ndizo hatua nilizompa, nimezipanua kidogo.

Hatua ya 1: Pima. Mkono si kipimajoto. Chuma chenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi tu hakishikiki, na beringi nyingi hufanya kazi salama kwenye joto hilo. Tumia kipimajoto cha kumulika. Chuma kinachong'aa hukifanya kisome chini, kwa hiyo bandika tepu nyeusi kwenye hausingi (kasha linaloishika beringi), umulike hapohapo kila siku, na uandike. Beringi iliyozoea 50 ikipanda ghafla hadi 75, ina jambo.

Hatua ya 2: Zima, piga kufuli swichi, zungusha shafti (mhimili unaopita ndani ya beringi) kwa mkono. Ikikwaruza, beringi imekwisha. Ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 3: Grisi. Usiharakishe hapa. Hausingi ikijaa pomoni, gololi hazina pa kuisukuma grisi, zinaivuruga tu mzunguko baada ya mzunguko, na msuguano huo ndio moto wenyewe. Joto likizidi, mafuta yaliyo ndani ya grisi hujitenga na sabuni, yaani kile kinachoyashika yawe mazito, yanavuja, na gololi zinabaki kavu ndani ya hausingi iliyojaa. Kwa beringi mpya, jaza thuluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi.

Kujua kiasi cha kuongeza kwenye beringi inayotumika, zidisha kipenyo cha nje kwa upana, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005: unapata gramu. Beringi yenye namba 6310 ina kipenyo cha nje cha 110 na upana wa 27, basi inataka gramu 15 hivi. Mabomba hayatoi sawa. Pampu mara 10 juu ya karatasi, pima kwenye mzani wa dukani, gawanya kwa 10, uandike jibu kwa rangi kwenye bomba lenyewe.

Fungua plagi ya chini ya hausingi (kizibo cha tundu la kutolea grisi) kabla ya kupampu ili grisi ya zamani ipate pa kutokea. Kinga zote zikiwa mahali pake, acha mtambo uzunguke kitambo ndipo urudishe plagi. Joto litapanda kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake, kisha lishuke. Ni katika saa hizo watu hutishika wakaongeza tena. Usiongeze!

Angalia kilichotoka. Nyeupe kama maziwa ni maji yameingia, na korona inamwagiwa maji kutwa, kwa hiyo badilisha sili, kizuizi cha maji na uchafu pembeni mwa beringi, kwanza. Grisi mpya nyuma ya sili mbovu ni hasara tupu. Sugua kidogo kati ya vidole: ukiona vimeremeta, chuma kinalika.

Tena, usichanganye aina. Grisi ya lithiamu ikikutana na ya poliyurea, ambayo mota nyingi za umeme hutumia, mchanganyiko unaweza kulainika ukatiririka. Rangi isikushawishi, ni ya kiwandani tu. Soma kopo.

Hatua ya 4: Mkanda na shafti. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huiumiza beringi ya upande wa puli. Kagua pia kama beringi zote mbili zimebanwa. Moja ibanwe, nyingine iachiwe nafasi ya kuteleza, kwa sababu mita moja ya chuma ikipanda nyuzi 50 hurefuka karibu milimita 0.6, na urefu huo ukikosa pa kwenda unazielemea beringi.

Hatua ya 5: Kubadilisha. Nakili namba yote, pamoja na herufi za mwisho. C3, kwa mfano, maana yake nafasi kati ya gololi na njia zake ni kubwa kuliko ya kawaida. Ukiweka ya kawaida mahali pake, itabana ikishapata joto. Nunua kwa wakala anayetambulika, hata kama bei inauma. Sikubali nyundo wala moto wa gesi. Pasha kwa hita ya beringi hadi nyuzi 110, isivuke 120. Kama hita hamna, tumia mafuta safi yenye kipimajoto ndani, beringi ikiwa imening'inizwa isiguse sakafu ya chombo, kisha ivalishe kwa mkupuo mmoja na uishikilie kwenye bega la shafti (pale shafti inaponenepa) hadi ipoe.