Ibara ya 18 na ya 19 zifundishwe pamoja

Walimu wenzangu wa darasa la sita na la saba, uhuru wa maoni na uhuru wa dini msivigawe katika vipindi viwili. Hapa Bagamoyo dawati moja linamkalisha anayetoka madrasa na anayeimba kwaya misheni. Maswali yao mazito huzuka pale haki hizo mbili zinapokutana.

Anza na Katiba ya mwaka 1977 yenyewe. Andika ubaoni ibara ya 18: kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Chini yake weka ya 19, inayolinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa mtu kubadilisha dini yake. Hapo kwenye kubadilisha, darasa hunyamaza. Usiharakishe. Waeleze kwamba hakuna anayeambiwa abadili. Uamuzi ni wake mwenyewe. Waeleze pia kuwa haki hizi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Kisha wape kisa cha Morogoro. Mhubiri wa Kiislamu alisema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Akashtakiwa kwa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za wengine, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Simama hapo hapo, mwisho wake usiutaje. Gawa makundi yaliyochanganya dini, kila kundi litoe hukumu na kutaja ibara. Sharti langu moja: mtoto wa Kiislamu amsemee aliyeumizwa, wa Kikristo amtetee mhubiri. Kazi hii inawafikirisha kuliko daftari zima la maelezo, na ndiyo maana naipa kipindi kizima.

Sasa waambie: mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilimfutia hatia. Kueleza unachoamini, pasipo kukusudia kuwaumiza wengine, si kosa. Watauliza, “Mwalimu, nia ya mtu inajulikanaje?” Waachie walijibu wenyewe: alisemea wapi, kwa maneno gani, mbele ya nani. Ndipo usome ibara ya 30, inayokataza kutumia uhuru wako kuingilia haki za wengine.

Nauli ikipatikana, wapeleke Kaole kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, halafu misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Asubuhi moja inatosha.

Mwalimu mkuu na wazazi wapewe taarifa mapema. Mzazi akija na wasiwasi, mkaribishe kiti, mpe Katiba asome ibara hizo mwenyewe kabla hujamweleza lolote.

Kwenye mtihani usiulize “taja haki tano”. Toa tukio: vipaza sauti vya mkutano wa injili vinawazuia watoto wa madrasa ya jirani kusikia somo lao. Nani ana haki gani, na waelewane vipi? Anayeitetea dini yake bila kutaja ibara wala kumfikiria jirani, mrudishie karatasi aandike upya.