Krismasi bila presha: jinsi ya kupanga na kupika msosi wa sikukuu nyumbani, sisi wa Tanga

Wengi wetu tukipanga chakula cha krismasi tunaanza na orodha ya vyakula. Pilau, kuku, samaki wa nazi, chapati, ndizi, saladi, keki, juisi aina mbili, halafu ikifika tarehe 25 saa 7 mchana mpishi yuko jikoni kanga imelowa jasho, wageni wako barazani wanaulizana kwa macho, na yeye hata kuoga bado. Mi nakwambia anza na majiko. Hesabu una mioto mingapi inayoweza kuwaka kwa wakati mmoja, hapo ndo uamue unapika nini. Una jiko la gesi la pleti mbili na jiko moja la mkaa? Basi una mioto mitatu, na siku yenyewe vyakula vya kupika ni vitatu, kwisha habari. Vingine vyote viwe vimepikwa jana yake, au vya kununua, au vya kuliwa baridi, au viletwe na watu wengine.

Na ukishahesabu majiko kaangalie mtungi wa gesi. Wengi wanautikisa tu wanasema bado upo upo, sasa upo upo hiyo ndo inayokuja kuisha kuku yuko nusu. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa pale pale kwenye mtungi, pima kwenye mzani wa dukani utajua umebaki na kilo ngapi, kama ni kidogo badilisha mapema kabla ya tarehe 23. Mkaa nao nunua kabla mvua haijaulowesha, na jiko la mkaa liwe uani au kibarazani penye hewa, sio ndani umefunga mlango, ile hewa ya mkaa inaua watu na haina hata harufu ya kukushtua.

Sasa menyu. Kwetu huku chakula kikuu cha sikukuu ni cha mchana, sio cha usiku, kwahiyo ratiba yako yote inalenga saa 8 mchana, sio saa 6 maana watu wanatoka kanisani wamechelewa wanasalimiana wanapiga picha. Kwa mioto mitatu ningeweka hivi: pilau kwenye mkaa, kuku gesi ya kwanza, samaki wa nazi gesi ya pili. Biriani achana nayo siku hiyo. Najua ni tamu na najua shangazi fulani lazima atauliza mbona hamna biriani, lakini biriani inataka sufuria la wali peke yake, masala peke yake, vitunguu vya kukaanga peke yake, yaani imekula majiko yote matatu na wewe hujapika kuku. Iwekee siku nyingine.

Kiasi: kilo moja ya mchele wa pilau inashibisha watu wazima kama 6 mpaka 7 kukiwa na vitu vingine pembeni. Kwahiyo mkiwa 12 kilo 2 zinatosha, na ukiongeza nusu kilo ni kwa ajili ya wale wa hodi hodi ambao hukuwaalika lakini huwezi kuwafukuza. Kuna ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, usiuamini, mgeni wa krismasi akishateremka stendi ya Kange na begi lake mhesabie mpaka tarehe 27. Nyama kwenye pilau weka kilo moja kwa kila kilo ya mchele kama mfuko unaruhusu, usiporuhusu nusu kilo na viazi vingi, hakuna atakayelalamika. Vitunguu maji nusu kilo kwa kila kilo ya mchele, hapo usibane, rangi na utamu wa pilau vinatoka kwenye kitunguu.

Manunuzi yagawe. Vitu vikavu, mchele, mafuta, sukari, unga wa ngano, viungo, nunua wiki mbili kabla maana sikukuu ikikaribia bei zinapanda tu. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga hatuna shida navyo, vinalimwa hapo Amani juu ya Muheza, nunua vizima vitwange mwenyewe, vile vya pakiti vilivyosagwa siku nyingi vinabaki rangi tu. Kitu kingine cha kuwahi ni kreti ya soda, ina chupa 24, na duka nyingi zitataka uache hela ya chupa au upeleke kreti tupu, sasa hiyo usiende kuitafuta mkesha. Viazi, karoti na kabichi za Lushoto pale soko la Mgandini zichukue tarehe 22 au 23 zitakaa vizuri tu, ila nyanya chukua ambazo hazijaiva sana, joto la Desemba hapa likishikana na unyevu wa bahari fungu la nyanya mbivu linaoza siku mbili. Maembe ni msimu wake, nunua mengine mabichi kidogo yaivie ndani.

Samaki nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi ya tarehe 24, mapema, kabla jua halijapanda. Angalia macho yawe angavu yametuna na matamvua mekundu, bonyeza nyama kwa kidole, ikirudi chukua, ikibaki na shimo muachie mwenyewe. Mwambie akuparie magamba na kukatia vipande hapo hapo, hela kidogo tu, unajiokolea saa nzima na magamba ukutani. Akifika nyumbani ndimu, chumvi, friji. Kama huna friji achana na samaki kabisa siku hiyo, pika maharage ya nazi, hakuna aibu, tena maharage yanachemshwa jana yake bila tui, kesho unaunga tu.

Kuku. Wa kienyeji nunua mapema wiki moja, mfunge uani mpe pumba na mabaki, maana bei ya tarehe 24 utakuta muuzaji anakuangalia usoni kwanza ndo anataja. Na hili wageni wa mikoani huwa hawalijui, hapa majirani zetu wengi ni Waislamu, na krismasi ya Tanga bila kupeleka sahani kwa jirani haijakamilika, au wao wenyewe wanakuja kukaa na nyie. Kwahiyo kuku mwombe jirani Muislamu akuchinjie. Unampigia hodi jioni ya tarehe 23, "Baba Mwanaidi shikamoo, kesho asubuhi naomba utusaidie kuchinja", atakuja na kisu chake ametoka msikitini alfajiri, dakika kumi kazi imekwisha na kila mtu atakula kwa amani. Nyama ya pilau nayo nunua bucha ambayo unajua inachinja vile vile. Kama kuna kitu ambacho Muislamu hali, kiwe na sufuria lake na mwiko wake mbali kabisa, na umwambie mgeni wazi kabla hajapakua.

Tarehe 24 ndo siku ya kazi, na ukiifanyia kazi hiyo siku kesho yake utakuwa mtu. Asubuhi kuku anachinjwa, ananyonyolewa, anakatwa. Mpake ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, pilipili manga, na kama unapenda vijiko vichache vya mtindi, analainika vizuri. Kuku wa kisasa akae na viungo friji mpaka kesho. Wa kienyeji mgumu huyo, mchemshe jioni hiyo hiyo, saa nzima au zaidi kutegemea umri wake, mpaka uma uingie bila kusukuma, akipoa weka friji na supu yake pembeni. Nyama ya pilau hivyo hivyo, ichemshe na tangawizi na chumvi, supu usimwage hata tone, ndo maji ya pilau yako kesho.

Halafu menya vitunguu saumu vyote, twanga na tangawizi, weka kwenye kopo. Chambua mchele, hii wape watoto na wakubwa wasio na kazi, sinia mbele ya tivii, inakwenda. Tengeneza juisi ya ukwaju, inakaa vizuri hata siku mbili kwenye baridi, tofauti na ya embe ambayo ni tamu ikinywewa siku hiyo hiyo. Mkate wa kumimina uumue mchana uupike jioni, wa kula na chai asubuhi, ukipoa unakuwa mtamu zaidi. Chapati mi sipiki. Kila mtaa Ngamiani yuko mama wa chapati, mpe oda siku tatu kabla umlipe nusu, mwambie utazifuata saa 6 mchana, basi. Kuna watu wanasema krismasi ya kununua chapati sio krismasi, wao wakasukume.

Keki pia kama huna oveni agiza, au mpe wifi aje nayo. Tena kwenye kugawa kazi usiseme "njooni na chochote", utaletewa soda tano na hakuna barafu. Mtajie mtu kitu chake. Wifi keki, shemeji barafu na maji ya kunywa, binamu matikiti. Watu wa kwetu wanapenda kutajiwa, inawaondolea wasiwasi.

Umeme. Ukikatika mkesha usifungue fungue friji kuangalia kama bado kuna baridi, friji iliyofungwa inashika baridi kwa muda wa kama masaa manne, ukifungua kila dakika umeitoa mwenyewe. Weka barafu akiba kwenye deli, kuku na samaki wahamie huko ukiona umeme haurudi, au washa moto upike usiku huo huo.

Tarehe 25 yenyewe. Waliokwenda misa ya mkesha ndo wana bahati, asubuhi yao nyeupe. Kama mnaenda ya asubuhi basi kabla ya kutoka roweka kitu chochote kinachotaka kurowekwa, nyama itoe nje ya friji mkisharudi, sio masaa manne kabla. Mkirudi chai na mkate wa kumimina, watoto wakimaliza watoke uani, wewe saa 5 washa mkaa.

Pilau: mchele uoshe uloweke kama dakika 20 na uuchuje. Mafuta ya kutosha kwenye sufuria zito, vitunguu vyote ndani na kachumvi kidogo, hapa usiondoke. Usichukue simu. Koroga mpaka viwe rangi ya kahawia kama tende, sio njano na sio nyeusi, njano pilau inatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa, nyeusi inakuwa chungu na hakuna dawa. Vikifika tu tia saumu na tangawizi vizime ule moto, halafu binzari nyembamba nyingi, iliki, mdalasini, karafuu chache, pilipili manga, koroga harufu itoke mpaka jirani wa pili ajue. Nyama, viazi, vikaange kidogo, kisha supu ya moto. Kwa mchele ulioloweka ni kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha supu, mchele mkavu mgumu ongeza kidogo. Ionje supu kabla mchele haujaingia, iwe imezidi chumvi kidogo mdomoni, mchele utainywa. Ikichemka tia mchele, maji yakikaribia kukauka geuza mara moja, punguza mkaa chini, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Dakika 20 usiguse. Ndo maana nimesema pilau iende kwenye mkaa, gesi haiwezi kupalia, na ukishapalia mikono yako iko huru.

Hizo dakika 20 ndo za kuku, anakaangwa tu au anaingia kwenye rosti, na samaki. Samaki mkaange kidogo asivurugike, tui jepesi kwanza na nyanya, vitunguu, pilipili nzima isiyopasuka, akiiva ndo tui zito, na hapo koroga taratibu bila kuacha mpaka lianze kutokota, ukiliacha lichemke lenyewe linakatika. Likitokota zima. Kachumbari mwisho kabisa, vitunguu vioshwe na chumvi ukali utoke, ndimu itiwe wakati watu wameshanawa mikono.

Pilau na kuku hamishia kwenye hotpoti, vitakaa moto wakati unaoga. Ndio, unaoga, saa 7 na nusu wewe unaoga.

Sahani ya jirani ipakue kwanza kabla watu hawajaanza, ifunike, mtume mtoto. Ukingoja waliopo washibe utapeleka viazi.

Chakula cha nazi usikiache mezani mpaka jioni kwa joto hili, kinachacha haraka kuliko vyote, saa 2 tu zikipita kiwe kimeliwa au kiko friji. Wali na pilau pia, watu wanadhani wali hauna madhara lakini uliolala nje kwenye sufuria lililofunikwa unaweza kuwaharisha nyumba nzima, tena hata ukiupasha haisaidii. Upakue kwenye vyombo vipana upoe upesi uingie kwenye baridi. Kuku aliyebaki mchambue mifupa siku hiyo hiyo usiku, nyama hiyo ponda na viazi, tarehe 26 kaanga katlesi, na sikukuu ni ya pili hiyo hakuna anayekwenda kazini. Sufuria la ukoko tia maji tu, au wape vijana kabla hujatia maji, wataligombania wenyewe na vijiko.