Ununue laptopu lini: kodi kwanza, ofa baadaye, dola mwisho

Mtu aliye nje ya nchi akitaka laptopu, iwe ya kazi yake au ya mdogo wake anayeanza chuo nyumbani, mara nyingi huanza kuchungulia dola: imepanda, imeshuka, tungoje kidogo. Huko ni kuanzia mkiani. Kodi unaweza kuijua leo hadi senti ya mwisho. Ofa zina kalenda yake. Thamani ya fedha ndiyo isiyotabirika, na kwa anayelipwa dola akanunua kwa dola haina hata uzito. Inaanza kukuhusu pale tu pesa iko kwenye sarafu moja na bei iko kwenye nyingine.

Marekani: kibandiko hakisemi yote

Bei iliyobandikwa dukani haina kodi ndani yake. Kodi huongezwa unapolipa. Houston kodi ya mauzo ni asilimia 8.25, kwa hiyo laptopu ya dola 900 inakutoka kwa dola 974.25. Oregon, Delaware, Montana na New Hampshire hazina kodi hiyo ya jimbo. Ukiagiza mtandaoni, kwa kawaida kinachohesabiwa ni anwani ya kupokelea mzigo. Anayeishi jimbo la Washington akavuka mto hadi Portland kununua bila kodi, kisheria bado anadaiwa na jimbo lake kodi ya matumizi, yaani kodi ya kitu ulichonunua nje ukaja kukitumia ndani ya jimbo, hata kama keshia wa Oregon hakumtoza kitu.

Baadhi ya majimbo husamehe kodi kwa siku chache shule zinapokaribia kufunguliwa, na hapa ndipo watu wanapoteleza, maana kila jimbo lina orodha yake. South Carolina husamehe siku tatu kuanzia Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Kompyuta zimo, na hazina kikomo cha bei. Tennessee ni wikendi ya mwisho wa Julai, kwa kompyuta zisizozidi dola 1,500. Massachusetts huwa na wikendi moja ya Agosti kwa bidhaa zisizozidi dola 2,500. Ikizidi hata kwa dola moja, kodi inatozwa kwenye bei yote, si kwenye ile dola iliyozidi. Texas nayo ina wikendi yake ya Agosti, lakini ni ya nguo, viatu, mabegi na vifaa vya shule vya bei ndogo. Kompyuta hazimo. Sheria hizi hubadilishwa na mabunge ya majimbo, kwa hiyo fungua tovuti ya idara ya mapato ya jimbo lako mwezi mmoja kabla, usitegemee tangazo la duka.

Angalia pia aina ya punguzo. Duka likikukatia dola 100 papo hapo, kodi hutozwa kwenye bei iliyobaki. Likikupa kadi ya zawadi ya dola 100 ya kununulia safari nyingine, umelipa kodi kwenye bei nzima, na pesa yako imefungwa kwenye duka hilohilo. Kati ya hizo mbili, punguzo la papo hapo lina faida zaidi hata likiwa dogo kidogo.

Ulaya na Ghuba: nani ana haki ya rejesho

Ulaya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, imo tayari ndani ya bei: asilimia 19 Ujerumani, 20 Ufaransa, 21 Uholanzi, 25 Sweden. Wewe mkaazi hurudishiwi. Anayeweza kurudishiwa ni mgeni ambaye makazi yake yako nje ya Umoja wa Ulaya, tuseme mama aliyekuja kukutembelea Hamburg kutoka Tanga, naye lazima aondoke na bidhaa mwenyewe. Anunue yeye, kwa pasipoti yake, na fomu ya rejesho ijazwe dukani kwa jina lake. Bidhaa itoke Umoja wa Ulaya kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi wa ununuzi.

Hesabu yake huwachanganya wengi. Laptopu ya yuro 1,190 Ujerumani ina kodi ya yuro 190 ndani yake. Asilimia 19 ni ya ile 1,000, si ya 1,190. Kampuni inayoshughulikia rejesho nayo hukata ada yake, kwa hiyo mama asitarajie 190 kamili.

Mhuri wa forodha kwenye fomu hiyo ndio unaowaangusha watu. Laptopu ina betri ya lithiamu, inasafiri kwenye mzigo wa mkononi, na mzigo wa mkononi hugongewa mhuri katika uwanja wa mwisho wa Umoja wa Ulaya. Akitoka Hamburg kupitia Amsterdam, mhuri ni wa Amsterdam, basi asikatiwe tiketi yenye dakika 50 za kubadilisha ndege. Akipitia Frankfurt kisha Addis Ababa, mhuri ni wa Frankfurt. Zurich haimo: Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo anayepitia huko agongewe mhuri kabla hajaondoka Ujerumani. Bila mhuri, fomu ni karatasi tu.

Uingereza, kuanzia 1 Januari 2021, wageni wanaonunua dukani England, Scotland na Wales na kuondoka na bidhaa hawapati rejesho. Ile asilimia 20 imekwenda.

Dubai ni rahisi zaidi. VAT ni asilimia 5, na mtalii hurudishiwa asilimia 87 ya kodi hiyo, ikitolewa ada ya dirhamu 4.80 kwa kila fomu. Laptopu ya dirhamu 3,150 ina kodi ya 150. Mtalii anapata 125.70. Mwenye kibali cha ukaazi hapati. Saudia VAT ni asilimia 15, tofauti inayotosha kuamua ununue upande gani ikiwa safari ya Dubai ipo tayari, si ya kukatia tiketi.

Ofa zenye ukweli na ofa za kibandiko

Marekani misimu mikubwa ni miwili: Julai na Agosti kwa wanafunzi, na Black Friday, siku inayofuata Alhamisi ya nne ya Novemba. Kuna na msimu wa tatu usiotangazwa, nao mara nyingi ndio wenye bei bora: toleo jipya linapotoka na duka kutaka kumaliza la zamani. MacBook Air mpya zilitoka Machi 2024 na Machi 2025. Aliyelipa bei kamili Februari alipoteza pesa bila sababu. Laptopu za Windows hutangazwa kwa wingi Januari, huko Las Vegas, zikafika madukani miezi inayofuata.

Duka likisema "asilimia 40 chini", uliza chini ya nini. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika 28 Mei 2022 inalitaka duka linalotangaza punguzo lionyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Soma mstari huo mdogo. Marekani tumia tovuti ya Keepa au CamelCamelCamel kuona bei ya bidhaa ya Amazon ilivyopanda na kushuka mwaka mzima.

Linganisha namba kamili ya modeli, hadi herufi ya mwisho. Laptopu ya ofa kali inaweza kuwa na jina lilelile la ile nzuri, ila ndani ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, aina ya bei rahisi na ya polepole, ya GB 64. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Sasisho mbili tatu, imejaa. Usishuke chini ya GB 16 za RAM kama imechomelewa kwenye ubao, kwani hutaongeza kamwe. Kwa mtumba, kumbuka Windows 10 iliishiwa usaidizi wa kawaida 14 Oktoba 2025. Laptopu za ThinkPad za bei ya kutupa zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 karibu zote hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Anzia kizazi cha 8.

Pesa ikivuka mpaka

Hapa sasa shilingi inahesabika. Januari 2024 dola moja Kenya ilifika karibu shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Ndugu wa Nakuru anayetuma pesa anunuliwe laptopu ya dola 900 angetoa 144,000 Januari, 117,000 Aprili. Hakuna aliyeweza kumhakikishia hilo mapema. Kama hana haraka, abadilishe nusu sasa na nusu mwezi ujao. Dirhamu imefungwa kwa dola kwa 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo kwa anayetuma shilingi Dubai, cha kutazama ni shilingi na dola tu.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya duka, chagua ya duka. Ile nyingine ina faida ya mtu ndani yake. Kiwango kinachotumika aghalabu ni cha siku malipo yanapokamilika benki, siku moja au mbili baada ya kuchanja kadi. Ukirudisha laptopu, pesa itarudi kwa kiwango cha siku hiyo nyingine.

Ikipelekwa nyumbani kwa kampuni ya vifurushi, ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa kompyuta ni sifuri, na hapo ndipo wengi huacha kusoma. Kenya bado kuna VAT ya asilimia 16 na ada za uingizaji. Yote hukaribia asilimia 20, tena juu ya bei ikijumlishwa na bima na usafirishaji. Usafirishaji wa dola 90 nao unatozwa kodi.

Laptopu iliyonunuliwa Novemba kwa ajili ya safari ya Desemba usiiache kwenye boksi. Iwashe siku hiyo, jaribu kila kitufe, kamera, spika na chaji hadi ijae, kisha isajili waranti na uangalie kama inatambuliwa Afrika Mashariki. Ulaya na Uingereza kwa ununuzi wa mtandaoni una siku 14 za kuirudisha, na zinaanza kuhesabiwa ulipoipokea, si siku mgeni wako alipotua Mombasa.