Mafua na tumbo vikija pamoja: jipange kabla baridi haijakukamata

Juni na Julai huku Mbeya, nyanda za juu, si miezi ya mchezo. Mtu anapiga chafya jioni, usiku tumbo linasokota, asubuhi anatapika na kusema mafua yamemshukia tumboni. Usingoje ufike hapo ndipo utume mtoto dukani.

Nawa kwa maji na sabuni. Kuna virusi vya kuhara ambavyo sanitaiza haiviwezi. Maji ya kunywa yachemke hasa, si yapate moto tu.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukorogea anayehara, iwepo ndani ya nyumba. Pakiti ya lita moja ni ya lita moja, usikadirie kwa jicho. Ikikosekana, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima, kwenye lita 1 ya maji safi. Ukitapika, pumzika dakika kumi, kisha endelea funda kwa funda.

Soma boksi la dawa. Vidonge vingi vya mafua tayari vina parasetamo ndani, na mtu mzima hatakiwi kuvuka vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ukijumlisha vyote. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, iache tumbo likiwa limechafuka. Antibaiotiki haziui virusi vya mafua. Na kama una homa na majuzi ulikuwa Kyela au Mbarali, kapime malaria. Baridi ya Mbeya mjini haifuti mbu waliokuuma kule.

Sasa hili la jiko, nisikilize vizuri. Shemeji yangu wa Uyole aliamka kichwa kinamgonga, anatapika, miguu haina nguvu. Nyumba nzima ilikuwa na mafua wiki hiyo, hakuna aliyeshtuka. Dada akamchemshia tangawizi, wakaita bajaji. Njiani upepo ukampiga, akachangamka. Kufika zahanati anaongea vizuri hadi anaona aibu. Wakampa dawa za mafua, akarudi. Usiku jiko la mkaa likaingia tena chumbani, blanketi dirishani, tambara chini ya mlango. Kulipokucha hali ni ileile, ila safari hii na dada anashika ukuta kwa kizunguzungu. Nesi aliyewapokea hakugusa hata kipimajoto. Aliuliza tu: "Mama, mnalala na moto ndani?"

Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu isibebe oksijeni. Kichwa, kichefuchefu, kutapika, uchovu: utaapa ni mafua ya tumbo. Mara nyingi tofauti ni kwamba homa hakuna, mnaumwa wengi kwa mpigo, na mkitoka nje mnapata nafuu. Usiseme "mkaa umeshashika, hauna moshi". Huohuo mwekundu usio na moshi ndio unaoua. Kuufukia kwa majivu hakusaidii, na maziwa hayaiondoi hewa hiyo mwilini. Tokeni nje wote, kisha hospitali, mkaeleze habari ya jiko bila kuulizwa, maana dawa yake ni oksijeni.

Oteni moto mlango ukiwa wazi, jiko litoke kabla hamjalala. Kitandani weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitenge.

Mengine unayajua. Damu kwenye kinyesi, kuhara maji mfululizo, kushindwa kushika hata maji tumboni, mkojo kukauka, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kubanwa pumzi: usisubiri asubuhi. Mjamzito, mzee, mwenye kisukari au presha awahi zaidi. Basi la Dar usipande unahara, utajuta kabla ya Makambako. Simu iwe na chaji usiku, na namba ya bajaji mnayemwamini waijue wote nyumbani, si wewe unayeumwa peke yako.