Kuandika ardhilhali ya kurekebisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Kenya

Kabla ya kuandika ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa Bunge, peleka kwanza ombi la kawaida la habari kwenye ofisi ya umma na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe. Sheria ya 2016 inampa afisa siku 21 za kuamua, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Anaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Akinyamaza, kimya hicho huhesabiwa kuwa amekataa. Hapo una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi. Barua hizi zote ndizo ushahidi wako, kwa sababu ardhilhali lazima iseme umekwisha kujaribu wapi na ulijibiwa nini.

Sasa tafuta kifungu chenyewe kinachokukwaza. "Sheria iboreshwe" si ombi. Kamati ya Bunge haina la kufanya nalo. Andika hivi: "Katika kifungu cha 9(1), siku 21 ziwe siku 10." Kama shida yako ni kufungiwa nje ya vikao, usiilaumu sheria hii, maana inahusu habari. Vikao vya Bunge na kamati zake viko chini ya Kifungu cha 118 cha Katiba, na vya mabunge ya kaunti Kifungu cha 196. Vyote viwili vinataka milango iwe wazi, isipokuwa Spika aone kuna sababu ya kipekee.

Ardhilhali iwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au chapa, bila kufutafuta wala kuchomeka maneno kati ya mistari. Mada iandikwe kwenye kila karatasi. Taja kama suala liko mahakamani. Malizia kwa ombi lenyewe, kisha majina, anwani, nambari za kitambulisho na sahihi au alama za kidole gumba.

Wengi hukwama kwenye sahihi: hukusanya kwenye karatasi za kando, halafu wakazibandika. Hairuhusiwi. Ziwekwe moja kwa moja kwenye karatasi za ardhilhali, zile zenye mada juu.

Ipeleke kwa Karani wa Bunge. Ana siku saba za kuikagua kabla ya kumfikishia Spika, na ikiwa na kasoro atakuelekeza namna ya kuirekebisha.