Namna ya kuishika imani yako pasipo kumdharau jirani wa dini nyingine

Desemba moja, ukoo wetu ulipokuwa umekusanyika Machame, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, kama ilivyo desturi ya Wachaga kupanda mlimani kufunga mwaka, nilimsikia mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka minane, akimwambia binamu yake Mwislamu kwamba wao huswali tu bila kujua wanachokisema. Nilimwita kando nikamuuliza ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Akanijibu kwa heshima kabisa, “Ni wewe, baba mkubwa. Ulisema kwenye gari tulipokuwa tunakuja.”

Ni kweli nilikuwa nimesema. Mimi ni Mlutheri, nilibatizwa na kupata kipaimara mlimani hapa, na katika ukoo huohuo ninao baba wadogo wanaoswali swala tano, na tangu shangazi yangu aolewe Kibosho tunao Wakatoliki pia. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu walio katika hali kama yangu, yaani watu ambao hawana nia ya kuiacha imani yao wala kuipunguza, lakini wamegundua kwamba pamoja na imani hiyo wamebeba dharau ambayo hakuna aliyewaamuru kuibeba.

Tenganisha kwanza hakika na dharau

Usianze kwa kujilazimisha kusema kwamba dini zote ni sawa. Mwislamu anayeamini kwamba Muhammad ni Mtume wa mwisho, na Mkristo anayeamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, hawawezi wote wawili kukubaliana juu ya jambo hilo, na mtu anayewaambia kwamba wanakubaliana huwa hajamsikiliza hata mmoja wao. Kuamini kwamba njia yako ni ya kweli ni sehemu ya kuamini. Dharau ni jambo jingine: ni kuamini kwamba mwenzako amekosa akili, usafi au uaminifu kwa sababu tu ya mahali anaposalia.

Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuchunguza mizani unayotumia. Mara nyingi tunachukua mafundisho bora ya dini yetu na kuyalinganisha na mtu mbaya kuliko wote tunayemjua katika dini ya wenzetu. Muumini wetu akiiba sadaka tunasema ni udhaifu wa binadamu, lakini wa kwao akiiba tunasema ndivyo dini yao ilivyo. Kwa muda wa mwezi mmoja, kila unapotaka kusema “wale ndivyo walivyo”, tafuta kwanza mfano unaofanana katika usharika, jumuiya au msikiti wenu, na kama unaupata, ambapo karibu kila mara utaupata, basi useme wote wawili au usiseme hata mmoja.

Kisha rudi kwenye kitabu chako mwenyewe. Mkristo asome mfano wa Mfarisayo na mtoza ushuru katika Luka 18, na aangalie kwamba mwandishi anatangulia kusema waziwazi ulielekezwa kwa nani: watu waliojihesabia haki na kuwadharau wengine. Mwislamu anayo aya ya 108 ya sura ya 6, inayokataza kuvitukana vile ambavyo wengine huviomba badala ya Mwenyezi Mungu. Sisi Walutheri tulifundishwa katika darasa la kipaimara kwamba amri ya nane haikatazi uongo mtupu peke yake, bali katika maelezo yake Luther anatutaka pia tumtetee jirani, tumseme vizuri na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Niliyakariri maelezo hayo nikiwa kijana, na sikuwahi kuyahusisha na mazungumzo ya ndani ya gari.

Chunguza dharau yako imetoka wapi

Hapa ningependa msomaji wa Moshi akae kidogo, kwa kuwa naamini sehemu kubwa ya majivuno yetu ya kidini imetokana na historia kuliko Maandiko. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri kutoka Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Uislamu ulikuwa umepanda mlimani pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Kwa kiasi kikubwa, dini ya familia ilifuata misheni iliyopata kibali kwa mangi, yaani chifu, wa eneo hilo, na ndiyo maana hadi leo Kibosho, Kilema na Rombo kuna Wakatoliki wengi, ilhali Machame na Marangu kuna Walutheri wengi. Bibi yangu mzaa baba hakulinganisha dini tatu na kuchagua moja. Alizaliwa upande huu wa korongo. Imani yake haikuwa pungufu kwa sababu hiyo, ila mtu anayejua kwamba angezaliwa ng’ambo angeshika rozari hukosa sababu ya kumcheka anayeishika.

Jambo zito zaidi ni shule. Misheni zilileta shule pamoja na ubatizo, na mzazi Mwislamu ambaye hakutaka mtoto wake abatizwe mara nyingi alibaki naye nyumbani. Serikali ilizitaifisha shule nyingi za namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1969, lakini kufikia wakati huo vizazi kadhaa vya Wakristo vilikuwa vimekwisha kutoa walimu, waganga na makarani. Watoto wao wakaanza kuamini kwamba maendeleo hayo yalikuwa ushahidi wa ubora wa dini, na neno “Mswahili”, ambalo kwa wazee wengi wa mlimani lilikuwa na maana ya Mwislamu, likachukua pia maana ya mtu mjanja asiyetaka kazi. Kwa upande mwingine, Waislamu walioumizwa na hali hiyo walianza kumwona kila Mkristo mwenye cheo kuwa amekipata kwa upendeleo. Kabla ya kuhukumu, jiulize: Je, ninachojivunia ni imani yangu, au ni dawati la shule ambalo babu yangu alilipata na babu ya jirani yangu akalikosa?

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Wakristo na Waislamu tu. Nimekua nikiwasikia Walutheri wakisema Wakatoliki huabudu sanamu, na Wakatoliki wakisema Walutheri hawana sakramenti ya kweli, ingawa makanisa hayo mawili yalitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Siku hizi wengi wetu tumeungana kuwadharau walokole kwa kelele zao, nao wanatuombea sisi tuokoke kana kwamba hatujawahi kusali.

Jifunze kutoka kwa mwenyewe, na uchunge ulimi

Kanuni niliyojiwekea ni kutokusema juu ya dini ya mtu jambo ambalo sijamuuliza mwenye dini hiyo. Nilipomuuliza baba yangu mdogo maana ya anachokisoma katika swala, alinifasiria Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, neno kwa neno, na nikaona aibu kwa yale niliyoyasema garini. Uliza kwa nia ya kuelewa, si kwa nia ya kutega. Mihadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani imewafundisha watu wengi kuhifadhi aya za wenzao kama mawe ya kurushiana, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana baada ya mchana mmoja wa mihadhara hiyo.

Yaache maneno yanayouma hata kama unadhani unatania: kafiri, Mgalatia, mpagani, “wale wenzetu”. Katika kikao cha mtaa au cha harusi, ukiwa mwenyekiti, usifungue kwa “Bwana asifiwe” au “Assalaam aleikum” peke yake kana kwamba wengine ni wageni. Tumia zote, au tumia habari za asubuhi. Mtu akisambaza kwenye kundi la ukoo ujumbe wa kuitukana dini fulani, mwambie aliyeutuma, kwa faragha kwanza, aufute. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 129, inalihesabu kuwa kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu, lakini ni afadhali ndugu yako akusikilize wewe kabla jambo halijafika huko.

Ulimi unahitaji ulinzi zaidi siku ya maafa. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha, wakati wa uzinduzi wa parokia, na watu watatu wakapoteza maisha. Katika saa za mwanzo za tukio kama hilo, kabla polisi hawajasema lolote, kila mtu huwa na hamu ya kulitaja kundi zima. Usilitaje. Mpigie simu jirani wa dini inayoshukiwa umuulize kama yeye na watoto wake wako salama.

Jikoni, na kwenye msiba

Heshima yetu hupimwa zaidi kwenye sufuria. Ukialika watu wa dini mbalimbali, amua suala la mchinjaji kabla mbuzi hajanunuliwa. Desturi ya wengi ni kumwita Mwislamu achinje ili wote wale, lakini wapo Wakristo ambao dhamiri zao zinawazuia kula nyama hiyo, na nao wasidhihakiwe. Kama uwezo upo, wachinjwe mbuzi wawili, kila mmoja na sufuria zake, na watu waambiwe ukweli. Mwezi Februari mwaka 2013 mgogoro wa kuchinja huko Buseresere, mkoani Geita, ulifikia hatua ya mchungaji kuuawa, kwa hiyo yeyote anayeliita jambo hili dogo amesahau upesi.

Kisusio, supu yetu ya Kichaga, kina damu, hivyo kisipakuliwe kwa upawa uleule wa mchuzi. Kitimoto kikaangwe mbali, na mafuta yake yasirudi kwenye wali. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikae upande wake. Usimwambie kamwe mgeni “kula tu, haina kitu” ilhali hujui. Jirani Msabato naye, ikiwa harusi ni Jumamosi kama zilivyo nyingi, asipangiwe zamu ya kupika mchana. Mpe kazi ya Ijumaa kabla ya jua kuzama, au ya Jumamosi jioni.

Kwenye msiba, uliza mapema. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, ilhali sisi humsubiri ndugu aliyeko Dar es Salaam hata siku tatu au nne, na kila upande huweza kuuona mwingine kuwa hauna uchungu au hauna utaratibu. Ndugu wa Kikristo wasimcheleweshe maiti wa Kiislamu kwa sababu ya wasafiri, na ndugu wa Kiislamu wasiharakishe ibada ya Kikristo kwa kunong’ona nyuma ya hema. Anayepewa kipaza sauti amzungumzie marehemu. Nimewahi kukaa kwenye msiba ambapo mhubiri, mbele ya kaka wawili Waislamu wa marehemu, alitumia nusu saa kueleza upotofu wa dini yao. Waliinamisha vichwa hadi mwisho kwa sababu ya dada yao. Familia inayo haki ya kumwambia mhubiri jambo hili mapema, nyumbani, kwa adabu, na ninawasihi wanaoandaa ratiba wafanye hivyo.

Kuhusu ndoa ya watu wa dini mbili nitasema machache tu: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, kwa hiyo hakuna anayelazimika kubadili dini kwa ajili ya cheti, na mzazi anayemshinikiza mkwe abadili dini asishangae akipata muumini wa midomo.

Ukishakosea

Kama dharau yako imekwisha kumfikia mtu, nenda kwake mwenyewe, usitume ujumbe. Taja maneno uliyoyasema jinsi yalivyokuwa, usiseme “kama nimekukwaza”. Usianze kujadili mafundisho siku hiyo. Ikiwa mtoto alisikia, mchukue mtoto huyo uende naye, ili akusikie ukiyakanusha maneno aliyokusikia ukiyasema.

Mimi nilimshika mkono mtoto wa mdogo wangu jioni ileile, tukapita migombani hadi nyumbani kwa baba yake yule binamu. Tulimkuta akitawadha kwa ajili ya magharibi, tukakaa kwenye benchi la nje tukamsubiri amalize kuswali.