Kumfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia nje

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye mbwa wapya ni hili: nimwadhibu vipi aache kukojoa sebuleni? Usimwadhibu. Mbwa wa miezi miwili hana kiburi. Kibofu chake ni kidogo na misuli ya kujibana haijakomaa. Kadiria kwamba anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, tena akiwa ametulia. Akiwa kwenye michezo, hata dakika 20 ni nyingi. Wiki za mwanzo kazi yenu nyumbani ni moja tu: kumwahi.

Hatua ya 1: Mchagulie kona

Iwe uani, mbali na anapolala na anapokula. Kama hajamaliza chanjo, asitoke getini. Kirusi cha parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, na chanjo zake huanza wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16.

Uliza pia alilelewa wapi. Aliyekulia kwenye banda la saruji amezoea kukojolea sakafu ngumu. Ukimpeleka kwenye nyasi atanusanusa na kuzunguka, kisha akiingia ndani anamaliza haja juu ya vigae. Watu husema huyu mkaidi, kumbe vigae ndivyo vinavyofanana na choo anachokijua. Weka kigae kikuukuu kwenye ile kona, pangusa mkojo wake kwa tambara na uliache hapo juu. Kila baada ya siku chache ongeza mchanga au udongo juu ya kigae mpaka kifunikwe chote.

Hatua ya 2: Mlishe kwa saa

Mara tatu au nne kwa siku, saa zilezile, na sahani iondolewe akimaliza. Anayekula kwa saa hutoa kwa saa. Maji usimnyime, hasa kwenye joto la Pwani.

Mtoe nje kila anapoamka, mara tu amalizapo kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala. Andika ratiba na ibandike ukutani. Dada wa kazi, watoto na mlinzi waifuate wote, na neno la kumwambia liwe moja. Mmoja akisema “haja” na mwingine “kojoa”, mnamchanganya.

Hatua ya 3: Mkifika pale konani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mfunge kamba, simama umetulia, usicheze naye. Mtazame pua: ataishusha chini, ataanza kuzunguka duara dogo, kisha miguu ya nyuma itakunjika. Anapoanza, litaje lile neno kwa sauti ya chini. Anapomaliza tu, akiwa bado amesimama palepale, mpe dagaa mmoja au kipande cha ini lililochemshwa. Ukingoja mpaka mfike mlangoni, umemzawadia kuingia ndani.

Kisha cheza naye kidogo hukohuko nje. Akiona kila akikojoa anarudishwa ndani papo hapo, atajifunza kuchelewesha.

Dakika 10 zikipita bila kitu, ingieni, mpakate, halafu mrudishe baada ya robo saa.

Hatua ya 4: Akiwa ndani

Awe machoni pako au kwenye sanduku lake la kulalia. Sanduku liwe la kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu. Likiwa kubwa, atalala upande mmoja na kuchafua mwingine. Lisiwe jela ya kutwa. Usiku liweke karibu na kitanda chako, na akilalamika mtoe kimyakimya, bila michezo.

Ukimkuta anakojoa, piga makofi mara moja kumshtua kidogo, mbebe mpaka konani. Ukikuta dimbwi limeshapoa, chukua tambara usafishe. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kukuogopa, na kesho atakojoa nyuma ya kochi usikomwona.

Kausha kwanza, osha kwa sabuni, halafu pitisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Dawa zenye amonia ziache, zinanukia kama mkojo na zinamwita tena. Klorini usiimwage juu ya mkojo: mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma koo.

Haja kubwa izoe kila siku. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukizoa mapema unawakinga watoto wanaocheza uani. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki 12.

Kwenye nyumba za Waislamu ambako mbwa ni wa ulinzi na haingii ndani, njia ni hiihii. Kona yake iwe mbali na njia ya kupita na baraza inapotandikwa mikeka ya kusalia.

Hatua ya 5: Mfungulie vyumba kimoja kimoja

Wiki mbili zikipita bila ajali, mruhusu chumba cha pili, kisha kingine. Wengi hutulia kati ya miezi 4 na 6, wengine huchelewa. Anayejikunyata na kukojoa wageni wanapofika ana hofu. Wageni wachuchumae, wasimtazame usoni. Lakini aliyekuwa amezoea akianza ghafla kukojoa kidogo kidogo kila mara, au mkojo una damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.